Mdogo wangu na mimi, kila mmoja anasema ni yeye aliyebebwa na baba

Shikamoo shangazi,

Nimezoea kusoma barua za wenzangu kuhusu ndoa na mawifi, nikijisemea kwamba mimi sina la kuandika. Sasa ninalo, na nikilitamka kwa sauti linaonekana la kitoto. Mimi na mdogo wangu, wanawake wazima ambao watoto wetu wameshaanza kuoa na kuolewa, tunagombania kumbukumbu.

Baba yetu ni marehemu. Mama yupo, ila umri umemwelemea. Mwaka huu sisi watoto wake tulikubaliana kuandika kijitabu kuhusu maisha ya nyumbani kwetu, ili wajukuu ambao hawakumwona babu yao wapate pa kumsoma. Mdogo wangu ndiye mwenye kalamu nzuri, kwa hiyo tukamwachia kazi ya kukusanya na kupanga. Alipotutumia rasimu nilisoma kwa raha, nikacheka, nikalia kidogo, hadi nilipofika kwenye kurasa za baba na kukuta humo tukio langu.

Ni usiku, mvua inanyesha, mtoto ana homa kali, na baba anambeba mgongoni kumpeleka kutibiwa. Amevaa koti kubwa na mtoto yumo ndani ya koti hilohilo. Kola ya shati lake imefumuka kwa nyuma, uzi unaning'inia, nami nauzungusha kidoleni, nauachia, nauzungusha tena. Akipumua, mgongo wake unanisukuma kifuani. Baba hakuwa mtu wa maneno. Njia nzima aliuliza tu, "Umelala?" nami nikajibu, "Bado." Baada ya muda akauliza tena.

Mdogo wangu ameandika yote hayo, shangazi. Koti limo, "umelala" imo, hata uzi umo. Ila mtoto ni yeye.

Nilimpigia simu nikidhani ni kosa la kuandika. Akasema hapana, anakumbuka vizuri kabisa, na mimi usiku huo nilibaki nyumbani nimelala. Nikamwambia wakati huo alikuwa mdogo mno, tulikuwa bado tunaishi nyumba ya kwanza. Akasema ilikuwa nyumba ya pili. Tulipohama yeye alikuwa na miaka mitatu hivi, mimi mitano na ushei, kwa hiyo swali la nyumba si dogo. Kama ni ya kwanza, ni vigumu sana akumbuke chochote, maana watu wengi wakishakuwa wakubwa hawana kumbukumbu ya mambo yaliyotokea kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Kama ni ya pili, basi tumelingana.

Nina binti anayesomea saikolojia. Nilimweleza nikitegemea atakuwa upande wangu, kumbe nimejitafutia. Akaniambia jambo hili linajulikana. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu mapacha. Jozi 20 zilipewa maneno, na kila mtu akaombwa aeleze tukio la maisha yake linalomjia kwa kila neno. Jozi nyingi ziligongana: pacha wote wawili walidai tukio lilelile kuwa lao, na kila mmoja alikuwa na hakika. Si lazima wawe mapacha, akasema, hata ndugu wa kawaida hupatwa na hilo. Mmoja humsimulia mwenzake, mwenzake hulijengea picha kichwani, miaka inapita, na picha inabaki hata pale msimulizi anaposahaulika. Mimi na mdogo wangu tulilala kitanda kimoja utoto wetu wote, tukinong'onezana hadi tukemewe. Nani alimsimulia nani?

Kisha akaniuliza swali ambalo tangu hapo limeninyima usingizi. "Mama, ukikumbuka usiku ule, unaona nini mbele yako?" Nikafumba macho. Uzi nauona, ndiyo, lakini naona pia mgongo wa baba ukitoka mlangoni na kichwa cha mtoto kikichungulia juu ya bega. Mtu aliyebebwa hawezi kuuona mgongo ule. Anayeuona ni aliyebaki.

Binti yangu aliona nimenyong'onyea, akaharakisha kuniambia kwamba hiyo nayo haithibitishi kitu. Tangu mwaka 1983 watafiti wawili, Georgia Nigro na Ulric Neisser, walionyesha kwamba watu hujiona kwa nje katika kumbukumbu zao wenyewe, hasa zile za zamani, kama vile mtu mwingine ndiye anayetazama. Kwa hiyo naweza kuwa ndiye niliyebebwa na bado nikaona hivyo. Au siye. Elimu hii bwana, inakutoa shimoni kwa mkono mmoja na kukurudisha kwa mwingine.

Utasema tumuulize mama. Tumeshamuuliza, na hapo ndipo tulipoharibu zaidi. Mdogo wangu alimuuliza, "Mama, si mimi ndiye niliyebebwa na baba siku ile ya mvua?" Mama akasema ndiyo. Nilipokwenda mimi nikauliza kwa namna yangu, akasema ndiyo mwanangu, ulikuwa na homa ya kutisha. Mimi simlaumu. Hata vijana wenye akili timamu huvutwa na namna swali linavyoulizwa. Mwaka 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yanayogongana, na wale walioulizwa kwa neno kali zaidi wakataja mwendo mkubwa zaidi, wakati filamu ilikuwa ileile. Sembuse mama mzee anayetaka tu watoto wake waondoke wakiwa na furaha.

Mume wangu anasema tupige kura, lakini kwake kila jambo ni mzaha. Kaka yetu mkubwa anasema tuandike "mmoja wa watoto" tuendelee na mengine. Kwa mtu asiyehusika hilo ni jibu zuri sana.

Ningeweza kuachia, shangazi, kama si maneno ambayo mdogo wangu alinitamkia mwishoni mwa simu yetu. Alisema, "Dada, wewe una mengi ya baba. Alikuwa akitoka na wewe, akirudi anakuita wewe. Mimi nina hili tu, nalo unalitaka?" Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ni kweli. Baba alinipenda waziwazi, na yeye alikua akitazama. Sasa nikishinda ubishi huu nitakuwa nimemnyang'anya mtoto yule kitu chake pekee. Nikishindwa, nitasoma kitabuni kila mwaka kwamba usiku ninaoukumbuka kuliko wote haukuwa wangu.

Pengine ungekuwa umri mwingine nisingejali. Mwanasaikolojia William James aliandika mwaka 1890 kwamba kadiri tunavyozeeka miaka huonekana mifupi, kwa sababu utotoni kila siku huleta jambo jipya, na ukubwani siku hufanana hadi zinayeyukiana. Naamini hivyo kabisa. Niulize nilifanya nini mwezi uliopita, nitababaika. Lakini uzi ule, shangazi, naujua hata ulikuwa wa rangi gani, na haukulingana na shati.

Hilo la rangi sijamwambia mdogo wangu, wala halimo katika rasimu yake. Naweza kumuuliza, bila kumtajia yangu. Akikosea nitajua. Akipatia nitajua pia, na sina hakika kama nataka kujua, wala kama ni haki kumtega hivyo bila yeye kufahamu kwamba anapimwa.

Kijitabu kinakwenda kwa mchapaji mwisho wa mwezi ujao. Nimuulize rangi ya uzi, au nimwachie usiku ule uwe wake? Na nikimwachia, nimwambieje ili asione kwamba nimempa sadaka?

Dada Mkubwa