Tusimwandike bibi kwa ngeli ya zimwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie hadithi za kutisha tunazowaandikia vijana, kwa kuwa wanafunzi wangu wanazisoma kuliko kitabu chochote cha kiada, na kwa kuwa nami nimejitosa kuziandika. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga. Kwa miaka mitatu sasa ninaandika mfululizo wa hadithi za kutisha kwa wasomaji wa umri wa miaka 13 hadi 18. Sehemu tatu zimekamilika na ya nne iko mezani. Mwaka jana nilipeleka mswada kwa mchapishaji mmoja, akanirudishia na maelezo kwamba lugha imemridhisha, ila hadithi ya kutisha isiyo na mchawi anayefichuliwa mwishoni haiuziki. Alinishauri nimgeuze bibi wa sehemu ya kwanza ili yeye ndiye awe mwanga. Nilikataa, na ningependa wasomaji wako wajue sababu.

Aliyesoma hadithi mbili tatu za aina hii anaijua njia yake hata akifumba macho. Kijana anatoka mjini kwenda kijijini kwao likizo. Bundi analia juu ya mbuyu. Kuna kikongwe anayeishi peke yake, mwenye meno mawili na macho mekundu kama makaa. Watu wanachukuliwa misukule mmoja baada ya mwingine. Na katika sura ya mwisho anatokea mganga, au shehe, au mchungaji, anasoma na kunyunyiza maji, kikongwe anaanguka uwanjani alfajiri akiwa uchi, na kijiji kinalala kwa amani. Kule pwani nafasi ya kikongwe huchukuliwa na mwanamke mrembo wa usiku ambaye, baibui likipepea, anaonekana ana kwato za punda. Huyo wa kwato sina ugomvi naye, nami nilimwogopa sana utotoni. Ugomvi wangu ni juu ya kikongwe.

Hapa tunapoishi, macho mekundu yana sababu inayojulikana. Miti imekwisha, kwa hiyo kina mama wanapikia mabua, miti ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, ndani ya jiko ambalo moshi wake hauna pa kutokea ila mlangoni. Mwanamke aliyeupuliza moto huo kwa miaka hamsini atakuwa na macho mekundu, kama vile mhunzi anavyokuwa na viganja vigumu. Kwa ajili ya macho hayo, wanawake wazee wa kanda hii wamekatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, na taarifa za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimewahi kuhesabu kwa mamia watu waliouawa nchini kwa imani za uchawi ndani ya mwaka mmoja. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti wilayani Kasulu, watu saba waliuawa kwa tuhuma hizohizo. Majirani zetu wa Kenya nao wamezika wazee wa Kilifi, na mwaka 2021 walizika wanawake wanne wa Kisii. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, na Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kutokana na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Lakini sheria haisomwi kitandani kwa mwanga wa simu. Hadithi inasomwa.

Sisemi haya kama mtu aliyekuwa msafi tangu mwanzo. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kikongwe wa macho mekundu, na niliisomea klabu ya usomaji ya shule jioni moja, nikiona fahari jinsi darasa lilivyotulia. Nilipofika pale bibi anapotoka nje usiku wa manane, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alilifunga daftari lake, akaiweka kalamu juu yake, akanyosha mkono. "Samahani, mwalimu," akauliza, "huyo bibi jioni hiyo alikula nini?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anasubiri jibu. Nami sikuwa nalo. Nilikuwa nimemwandika mwanamke wa miaka themanini kwa kurasa arobaini bila kumpa chakula cha jioni, wala mjukuu, wala jina. Baadaye nilifahamu kwamba binti yule analelewa na bibi yake. Nilirudi nyumbani nikaanza upya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Katika kuanza upya huko niligundua kwamba Kiswahili chenyewe kinampa mwandishi wa hadithi za kutisha zana ambazo hatuzitumii, kwa sababu tumeshughulika mno na mibuyu na bundi. Kiambishi "a-" hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke: ukiandika "alisimama mlangoni", msomaji anabaki na kivuli tu. Kauli ya kutendwa inamficha mtenda kabisa: "niliitwa mara tatu", na hakuna anayejua nani ameita. Kisha iko ngeli. Andika "alisimama mlangoni", halafu katika sentensi inayofuata andika "kikageuka", na utaona msomaji anarudi nyuma kuhakikisha kama amesoma sawasawa. Hujataja jino wala damu, umebadilisha silabi moja tu. Wahenga walilijua hilo waliposema, kwa "li-" badala ya "a-", zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Sasa, Mhariri, wasikilize watu siku wanapotaka kumdhuru mzee. Kila mwaka darasani ninasahihisha kwa wino mwekundu mwanafunzi anayeandika "kijana kimekuja" au "kiziwi kimelala", kwa sababu mtu, hata jina lake likianza na "ki-", anabaki katika ngeli ya mtu: kijana amekuja, kiziwi amelala. Watoto wanaijua kanuni hiyo. Lakini kijiji kikishaanza kunong'ona utasikia "kile kizee kimepita hapa", na wiki inayofuata "lile lichawi limeamka". Yule bibi anavuliwa ngeli ya mtu siku nyingi kabla panga halijanolewa. Sijawahi kukutana na jini la kunitisha kiasi hicho, na hapo ndipo nilipoujenga mfululizo wangu.

Sehemu ya kwanza inasimuliwa na mvulana anayekimbia na umati. Usiku unapigwa mwano, ule ukelele wa Kisukuma wa kuitana hatari inapotokea, na kila mwanamume anatoka na fimbo. Wanatoka kumi na tisa, wanarudi ishirini. Wakihesabiana kwa majina wote wanajulikana, hakuna mgeni, na hesabu inakataa kurudi kumi na tisa. Usiku wa pili wanakuwa ishirini na mmoja. Mvulana huyo anakisimulia wanachokifukuza kwa "ki-" tangu mwanzo hadi mwisho, na msomaji anakiogopa pamoja naye. Sehemu ya pili inarudia usiku uleule, na safari hii anayesimulia ni mjukuu aliyejificha chini ya kitanda cha bibi yake; mambo ni yaleyale, milango ni ileile, ila sasa kila "ki-" imekuwa "a-", na kilichokuwa kikikwaruza ukuta ni mikono ya mwanamke anayetafuta komeo gizani. Sehemu ya tatu anaisimulia yule wa ishirini. Simwelezi hapa, kwa sababu natumaini ipo siku utamsoma.

Niliambiwa kwamba kwa kuvunja kawaida hizo nimeiondolea hadithi hofu. Si kweli. Baada ya kuwasomea sura ya nne, wanafunzi wa bweni waliomba watoke wanne wanne kwenda kuchota maji, na mmoja wao alikuwa akiwahesabu wenzake kwa kidole walipokuwa wakirudi. Vijana wanapenda kutishwa, na mimi ninawatisha kwa moyo wangu wote. Huu ni umri ambao mtu anajaribu nguvu zake mbele ya giza. Ninachokikataa ni kuwapa hofu kisha kuwaonyesha mlango wa jirani wa kuipeleka. Ndiyo maana pia mfululizo wangu hauna mganga wa sura ya mwisho. Mganga akishakitoa kitu, msomaji anafunga kitabu akiamini kwamba ubaya ulikuwa mwilini mwa mtu mmoja na sasa umeondoka, na hakuna aliyekuwa katika umati anayeulizwa alikuwa wapi usiku ule. Mwaka 1995, Popobawa, zimwi linalosemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, alipowakesha nje watu wa Pemba na Unguja, wakiota moto kwa makundi kwa kuogopa kulala ndani, aliyeuawa hakuwa Popobawa. Alikuwa mgonjwa wa akili, ambaye umati ulimdhania kuwa ndiye.

Wala sidai kwamba nimebuni jambo geni kabisa. Muhammed Said Abdulla, katika riwaya iliyotoka mwaka 1960 na ambayo jina lake lenyewe linautaja mzimu, aliwapeleka wasomaji mahali pa kuogofya palipokutwa maiti, kisha akamwachia mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake awaonyeshe kwamba mkono uliotenda ulikuwa wa binadamu. Wasomaji waliikubali riwaya hiyo, wakamfuata Bwana Msa katika vitabu vingine vilivyokuja. Mimi sina mpelelezi, na katika hadithi zangu si kila jambo linapata maelezo, lakini njia ya kumtendea msomaji haki nimejifunza kwake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Gazeti lako lina ukurasa wa hadithi za mfululizo, nami nimeambatanisha sehemu ya kwanza, kurasa 62, uisome na uamue bila kunionea haya. Iwapo utaona inafaa kuchapishwa, malipo tutazungumza na sitakuwa mgumu. Jambo moja tu nakusihi umweleze mchoraji wako: juu ya kichwa cha hadithi asichore kikongwe mwenye macho mekundu. Achore mlango wa nyumba ya udongo ukiwa umefungwa, na mbele yake migongo ya wanaume ishirini.

Wako katika ujenzi wa lugha,
Mwalimu wa Kiswahili,
Kishapu, Shinyanga