Mamdogo, aliyechora soko lako anaitwa Beda Amuli

Mamdogo shkamoo,

Najua hii utasomewa na watoto maana miwani hutaki kuvaa, ila naomba wakusomee taratibu mpaka mwisho.

Juzi ulipokuwa unatusimulia habari za soko la Kariakoo, ulivyokuwa unashuka shimoni, kule chini ya ardhi, alfajiri kuchukua mzigo wa jumla halafu unapanda nao ngazi mpaka kwenye meza yako ya viungo, ukamalizia kwa kusema lile jengo ni kazi ya wazungu ile, sisi tungeweza wapi. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwepo na mzazi habishiwi mbele za watu, lakini sikulala vizuri. Mamdogo, sio wazungu. Aliyechora ramani ya lile soko ni Mtanzania, mweusi kama mimi na wewe, anaitwa Beda Amuli.

Na mimi nilikuwa simjui, nakiri kabisa. Nimepita pale tangu niko mgongoni kwako na jina pekee nililowahi kusikia ni la Mwalimu Nyerere, kwa vile ndiye aliyelifungua mwaka 1975. Huyu Amuli alizaliwa 1938, akaenda kusomea usanifu majengo Haifa kule Israel, akarudi nyumbani akafungua ofisi yake mwenyewe, na hapo ujue wasanifu Waafrika Afrika Mashariki nzima ulikuwa unawahesabu kwa vidole. Soko kuu la jiji amepewa hajafika hata miaka arobaini!

Sasa unalikumbuka lile paa? Watu wanasema uyoga, wengine wanasema miavuli iliyogeuzwa juu chini, na kweli ni miavuli ya zege, kila mmoja umesimama kwenye nguzo yake moja. Mimi nikiangalia naona mti wa gulioni, ule ambao akina mama wanapanga nyanya chini ya kivuli chake. Pembeni kakuachia wazi upepo upite, mwanga kauleta kutoka juu. Halafu mvua, hapa ndo nilipochoka kabisa, yaani mvua inajikusanya katikati ya mwavuli inashuka kwa ndani ya nguzo mpaka kwenye matangi yaliyoko chini ya ardhi. Kwa hiyo ile nguzo yako mamdogo, ile uliyokuwa unafunga kamba ya kutundikia vimfuko vya iliki na mdalasini, ile ambayo mimi nikilala kwenye gunia unaniegemeza hapo ili wapita njia wasinikanyage, masika maji yalikuwa yanapita humo humo ndani nyuma ya mgongo wangu na hatukujua.

Mtu alikaa akamuwaza muuza viungo. Akawaza jua litampata vipi, atapumua vipi kwenye lile joto la Dar. Ndo maana inaniuma jina lake halitajwi. Hata soko lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, ulinipigia unalia, nikakesha nasikiliza taarifa mpaka asubuhi, wakaongelea hasara za wafanyabiashara na walikuwa na haki ya kuziongelea, lakini jina la Amuli mimi sikulisikia hata mara moja. Na mwenyewe alishafariki, 2016.

Ukija Dar nishtue mapema nikufuate stendi, twende wote Kariakoo, nataka usimame pale kwenye nguzo yako uangalie juu polepole bila haraka ya mteja. Na yule mjukuu wako anayechorachora nyumba kwenye daftari la hesabu mpaka anachapwa, mje naye. Usimchape tena. Wewe ndo umwambie nani alichora lile paa, mimi nitakuwa pembeni tu nimekushikia pochi.

Mwanao