Bodaboda za Dodoma zinauawa na vumbi na jeti zilizotobolewa

Ndugu Mhariri,

Kuna mtindo umeshika kasi kwenye vijiwe vya bodaboda na magereji ya kandokando ya barabara hapa Dodoma, kuanzia Majengo na Nkuhungu mpaka Ihumwa na Mtumba, nao unaua injini ambazo zingeweza kufanya kazi miaka mingi. Mwenye pikipiki akilalamika kwamba chombo hakina nguvu, anafanyiwa mambo matatu kwa mkupuo: eakilina, yaani chujio la hewa, inatolewa ili injini "ipumue", jeti kubwa ya kabureta (kipande chenye tundu linalopima mafuta) inatobolewa kwa waya, na eksozi inatolewa matumbo. Pikipiki inatoka pale ikinguruma na mwenyewe anaondoka ameridhika. Miezi michache baadaye inatoa moshi wa bluu, inakula oili, na kiki inashuka laini bila upinzani. Naomba nafasi nieleze kwa nini kazi hiyo haifai, na haifai zaidi kwa mkoa wetu.

Pikipiki nyingi za Kichina tunazopanda huku, za cc 125 na 150, zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970. Hiyo ilibuniwa makusudi kwa nchi zenye barabara mbovu, mizigo mizito na matunzo haba. Valvu zake zinasukumwa na fimbo, hazina taiming cheni. Kwa hiyo fundi akikwambia kwenye injini ya aina hiyo kwamba "taiming cheni imelegea", mwombe akuoneshe ilipo kabla hujatoa hela. Ziko injini nyingine za cc hizohizo zenye cheni kweli, ndiyo maana kujua ipi ni ipi kunaokoa fedha. Tazama juu ya hedi: ya fimbo ina kifuniko kimoja kinachofunika rocka zote (mikono inayosukuma valvu), na ubavuni mwa bloku kuna uvimbe unaopitisha fimbo. Ya cheni kwa kawaida ina vifuniko viwili vidogo vya tapeti, kimoja mbele na kimoja nyuma.

Soma pia namba iliyogongwa kwenye injini, maana stika ya ubavuni haiaminiki. Ikianza na 156FMI, tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, 56 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na I ni daraja la cc 125. 162FMJ ni silinda moja, pistoni ya milimita 62, daraja la cc 150. Ukienda dukani kununua ringi, taja namba hiyo, na kama bloku limewahi kuchongwa taja saizi pia, yaani milimita zilizoongezwa, 0.25 au 0.50. Ringi za saizi isiyo yake zitaingia kwenye pistoni vizuri tu, halafu zitavujisha kompresheni tangu siku ya kwanza.

Sasa nirudi kwenye jeti. Dodoma mjini iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10, na jua la Novemba linaipunguza zaidi. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga mafuta kwa kipimo kilekile cha pwani, kwa hiyo pikipiki iliyosetiwa Dar ikifika hapa tayari imeelemea upande wa mafuta mengi. Jeti namba 100 ina tundu la takriban milimita 1. Ukilitanua kwa waya likafika 1.1, unaona umeongeza kidogo tu, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21. Yaani mahali ambapo hewa imepungua, wewe umeongeza mafuta kwa moja ya tano. Mafuta yasiyoungua yanaosha oili kwenye ukuta wa silinda, yanashuka chini kwenye oili na kuifanya nyepesi, na ringi zinabaki zinasuguana na chuma kavu. Waya wenyewe huacha tundu lenye mikwaruzo, lisilo duara, na jeti ya namna hiyo haisetiki tena. Itupe, nunua nyingine yenye namba ileile iliyokuja na chombo. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ovahoo, yaani kufungua injini yote na kuijenga upya.

Kuitoa eakilina ni kosa kubwa zaidi. Mchanga wetu una chembe ngumu kuliko chuma cha bloku. Chukua vumbi la njia ya Hombolo au Mvumi mwezi wa Septemba, lipake kwenye oili kidogo, sugua kati ya vidole: utahisi kama msasa mwembamba. Huo ndio msasa unaopita kwenye kabureta wazi, unanasa kwenye oili ya ukuta wa silinda, na ringi zinausugua maelfu ya mara kwa dakika. Hakuna oili ya bei yoyote inayozuia hilo.

Chujio la sponji lisafishwe kila wiki wakati wa kiangazi, na kila siku mbili au tatu kwa anayepiga njia za vumbi. Lifue kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni. Petroli inaharibu gundi ya sponji, na moto wake hauna mchezo. Likamue kwa kulibana viganjani, usilisokote kama nguo, litachanika. Likaushe kivulini, kisha lichovye oili safi ya injini na kulibana mpaka lisidondoshe. Sponji kavu haishiki vumbi laini, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafua vizuri, wanarudisha kavu. Ukingo wa chujio upakwe grisi kidogo ili vumbi lisipenye pembeni. La karatasi halipakwi oili kamwe. Ligonge taratibu, lipulize kutoka ndani kwenda nje, na likishakuwa jeusi nunua jingine. Halafu kagua mpira unaounganisha boksi la chujio na kabureta, na ile plastiki nyeusi kati ya kabureta na hedi pamoja na oringi yake. Pakipasuka, injini inavuta hewa isiyochujwa. Washa injini, paka maji ya sabuni kwenye maungio hayo kwa brashi. Mngurumo ukibadilika ghafla, umepata tundu.

Kuseti kabureta yenyewe hakuhitaji mashine. Pasha injini moto kwa kuendesha dakika 10. Kuna skrubu ndogo ya mchanganyiko ubavuni mwa kabureta, na watu wengi huigeuza bila kujua aina yake. Ikiwa iko upande wa chujio, ni ya hewa: ukiikaza ndani unaongeza utajiri wa mafuta. Ikiwa iko upande wa injini, ni ya mafuta: ukiikaza unapunguza. Ikaze polepole mpaka ikae, bila nguvu, kisha ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo igeuze robo robo huku na huku mpaka injini iende kasi zaidi bila kuguswa resi, halafu shusha sailensa (mwendo wa injini bila resi) kwa skrubu yake kubwa mpaka injini itulie bila kuzima. Kama hata ukilegeza zaidi ya mizunguko mitatu hakuna badiliko, jeti ndogo imeziba au hewa inaingia mahali. Usiendelee kugeuza, tafuta tatizo.

Mwendo wa kati unatawaliwa na sindano. Ina mikato mitano hivi na klipu. Klipu ikipandishwa mkato mmoja juu, sindano inashuka na mafuta yanapungua, ikishushwa, yanaongezeka. Kwa hapa Dodoma, pikipiki inayokoroma na kusita kwenye nusu resi mara nyingi inapona kwa kupandisha klipu mkato mmoja. Thibitisha kwa plagi: endesha gia ya tatu kilomita moja au mbili kwa resi ya kati, zima injini huku umebana klachi, simama, fungua plagi. Kahawia ya rangi ya biskuti ni sawa. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi au chujio lililoziba. Meusi ya majimaji yenye kuteleza ni oili inayopanda kutoka kwenye ringi au sili za valvu, na hapo kabureta haihusiki. Nyeupe kama chaki ni hatari, injini inaungua kwa kukosa mafuta, na ndiyo njia ya kutoboa pistoni. Uwazi wa plagi ya D8TC uwe kati ya milimita 0.6 na 0.7.

Nguvu nyingi zinazodhaniwa kupotea ziko kwenye tapeti, yaani nafasi kati ya rocka na valvu. Kwa injini za CG kipimo ni milimita 0.08 valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, yaani asubuhi kabla ya kuwashwa. Kama kitabu cha pikipiki yako kinataja kipimo kingine, fuata kitabu. Fungua kifuniko cha upande wa sumaku, zungusha mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kava, na rocka zote mbili ziwe zinacheza. Zikiwa zimebana, zungusha mzunguko mmoja zaidi. Ingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi. Ipite kwa kukwaruza kidogo. Kaza nati huku umeishika skrubu isizunguke, kisha pima tena, kwa sababu kukaza nati hubadilisha kipimo. Mafundi wengi wanakaza tapeti mpaka zinyamaze ili mteja asisikie kelele. Tapeti isiyo na nafasi inaizuia valvu kufunga vizuri injini ikipata moto. Valvu ya eksozi inaungua, na dalili yake ni pikipiki inayowaka vizuri asubuhi lakini ikishachemka inakataa kiki.

Oili ni lita moja hivi tu kwa injini nyingi za aina hii, na lita hiyohiyo inahudumia pistoni, gia na klachi. Anayezunguka kilomita 100 kwa siku amwage kila baada ya siku 10 hadi 15. Chagua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili kadhaa za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya sahani za klachi ziteleze. Mtu anadhani klachi imekwisha, kumbe ni oili. Ukimwaga, toa chujio la waya ulioshe, na kila unapofungua kava la klachi safisha kile kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki, maana ndicho kinachokusanya uchafu mzito. Bolti ya kumwagia inaingia kwenye aluminiamu, kwa hiyo isikanyagwe kwa mguu.

Anayetaka nguvu ya kupandia milima ya Kibakwe au kubeba magunia ya mkaa, aiache injini, aende kwenye spoketi. Pikipiki yenye meno 15 mbele na 41 nyuma, ukiweka 14 mbele, msukumo wa gurudumu unaongezeka kwa asilimia 7, na mwendo wa kilomita 60 kwa saa unashuka kuwa 56 kwa mzunguko uleule wa injini. Hakuna kilichotobolewa, na ukitaka kurudisha unarudisha. Zikiisha, badilisha spoketi zote mbili pamoja na cheni, kwa sababu cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka huisha haraka. Cheni ilegee milimita 20 hadi 30 katikati. Pima ukiwa na mtu amekaa juu, kwa vile cheni inayoonekana sawa bila mzigo hubana ukipakia, na huvunja beringi ya gia boksi.

Kwa waendeshaji, mlimani shusha gia kabla injini haijaanza kugugumia. Resi kamili kwenye gia kubwa huku mwendo unashuka ndiyo inayopandisha joto kuliko kitu chochote. Mteremkoni usizime injini ili kuokoa mafuta: unapoteza breki ya injini, na breki ya nyuma ya ngoma ikishachemka haishiki, hasa ukiwa na mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja. Kwenye mchanga wa makorongo, sogea nyuma ya siti, resi iwe moja, na usiguse breki ya mbele.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni utenge safu fupi kwa mambo haya, hata mara moja kwa mwezi, ukiwashirikisha walimu wa VETA. Na kwa wenye maduka ya spea: jeti zinazouzwa bila namba kwenye mifuko ya plastiki ziondoeni rafu, muagize zenye namba kuanzia 90 hadi 105, ili fundi anayetaka kupunguza kwa ajili ya mwinuko wetu apate cha kupunguzia bila kushika waya.

Fundi pikipiki,
Nkuhungu, Dodoma