Shukrani kwa kaka wa Barabara ya Mandela

Kaka yangu uliyesimama kutusaidia Barabara ya Mandela, karibu na Buguruni, Dar es Salaam, gari letu lilipochemsha, jina lako sikulipata, ndiyo maana nakushukuru hapa mbele ya watu.

Geji ya joto ilikuwa imepanda hadi mwisho na mvuke ukitoka chini ya boneti. Nilikuwa na mama mzazi, jua la mchana kali. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alitaka kufungua mfuniko wa rejeta, kile kifaa cha kupoza maji ya injini. Ulimzuia hapo hapo. Ukatueleza kwamba maji yale yamebanwa kwa presha, yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, na mfuniko ukifunguliwa yanaruka usoni. Naamini ulimwokoa macho yule mdogo wetu.

Ukatuweka kivulini mpaka injini ipoe. Kisha ukaonyesha penye uvujaji: mpira wa juu wa rejeta, umepasuka pale unapokazwa na klipu. Ukakata kipande kilichochanika, ukaurudisha, ukakaza, ukajaza maji taratibu injini ikiunguruma ili hewa itoke. Pesa ukakataa! Ukasisitiza tu tununue mpira mpya na kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, kwani maji matupu huleta kutu ndani ya injini.

Tulifika nyumbani salama. Mpira umebadilishwa, kulanti imejazwa, na geji inatulia katikati hata kwenye foleni ya Ubungo. Mungu akuzidishie, kaka. Mama anakuombea kila siku, na ukisoma hapa tafadhali jitokeze, anataka akushukuru mwenyewe.