Ekari mbili za Ngarenanyuki

Poli, Meru
Jumapili jioni

Mama,

Nakuita mama kama siku zote, kwa kuwa jina ulilobeba ni la mama yangu mzazi, na barua hii inamhusu yeye. Ujumbe wako niliupata jana nikiwa sokoni Tengeru: "Baba, hizo ekari mbili za Ngarenanyuki si tuuze tu? Kaka wameshakubali, bado saini yangu." Nilitaka kukupigia palepale, nikaona maneno yenyewe hayatoshi kwenye simu, tena katikati ya makelele ya soko.

Mnunuzi amekuja na bei nzuri, sikatai. Kaka zako nao wana shida za kweli. Mmoja anadaiwa ada, mwingine ameezeka nusu ya nyumba na mvua zinakuja. Siandiki nikukataze. Naandika ili ukisaini uwe unajua ardhi ile ilifikaje mikononi mwetu, maana nimegundua sikuwahi kukuhadithia kwa utulivu, na bibi yako alifariki ukiwa bado mdogo.

Bibi yako alikuwa na miaka minane Novemba 1951, serikali ya Mwingereza ilipokuja kuwatoa Ngarenanyuki. Aliyokumbuka yalikuwa machache, na kila mara aliyasimulia vilevile, bila kuongeza chumvi: moshi, kondoo wakilia huku wakiswagwa barabarani, na mama yake akirudi ndani kuchukua kibuyu cha maziwa wakati paa limeshashika moto. Nyumba zilichomwa kwa amri ya serikali, askari wakiwa wamesimama wanaangalia. Kama watu elfu tatu waliondolewa sehemu za Ngarenanyuki na Leguruki, wakaambiwa waende King'ori. Wazee walikuwa wameshaikataa King'ori kabla ya hapo. Ni chini, kuna joto, mbung'o na homa, na maji ni ya shida. Wengi hawakwenda. Walipanda mlimani, wakajibana kwa ndugu zao, watu kumi ndani ya nyumba ya watu wanne. Ndivyo ukoo wa bibi yako ulivyofika huku Poli.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo ninalotaka ulijue kuliko mengine yote. Serikali ilitenga fidia. Baba yake bibi aliitwa akachukue hela zake. Hakwenda. Akaitwa tena, hakwenda. Na hakuwa peke yake, Wameru walikubaliana kwamba fidia haipokelewi, kwa sababu ukishaipokea umekiri kwamba umekubali kuhama. Fikiria mtu aliyelala chini ya paa la shemeji yake, ng'ombe wake wamekufa njiani, watoto wanakohoa, halafu hela zipo ofisini zinamsubiri. Bibi yako alisema mama yake alilia usiku ule wa wito wa pili, na asubuhi hakumwambia mumewe aende.

Kwa nini Ngarenanyuki iliwauma hivyo? Lazima nirudi nyuma kidogo. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri wa misheni ya Kijerumani waliuawa pale Akeri. Wajerumani walilipiza kisasi kikali, mifugo ikachukuliwa, migomba ikakatwa. Baadaye wakaanza kugawa ardhi. Walowezi wakapewa mashamba chini ya Mlima Meru, Makaburu waliotoka Afrika Kusini wakawekwa upande wa kaskazini, na msitu wa juu ukawa wa serikali. Baada ya vita ya kwanza Mwingereza alichukua nchi, na mashamba mengi ya Wajerumani yakaenda kwa wazungu wengine. Mmeru akabaki katikati kama mtu aliyefungwa mkanda: juu msitu, chini mashamba ya watu, na watoto wanaongezeka. Ngarenanyuki ndiyo ilikuwa pumzi yake, mahali pa malisho na magadi ya ng'ombe. Jina lenyewe ni la Kimaasai, maji mekundu. Huko kulikuwa na mashamba mawili ambayo bado yanatajwa kwa namba, la 31 na la 328. Wazee walikuwa wakisema, "Hayo tumeyalipia." Waliyasema hivyo mpaka wanaingia kaburini.

Wakati wa vita ya pili maelfu ya wakimbizi wa Poland waliletwa hapa Tengeru, wanawake na watoto wengi, wakajengewa kambi. Makaburi yao bado yapo, uliwahi kunisindikiza ukiwa darasa la tano. Naitaja kwa sababu vita ilikuwa haijapoa vizuri, mwaka 1946, serikali ilipomteua Jaji Mark Wilson achunguze habari za ardhi ya Arusha na Moshi. Akapendekeza mashamba yapangwe upya, na eneo lililo kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la wazungu watupu, wafuge ng'ombe wa nyama na maziwa. Wameru wa Ngarenanyuki walikuwa wamekaa katikati ya ramani hiyo. Hakuna aliyewauliza. Hapo ndipo ninapokasirika hata leo, mama. Uamuzi wenyewe ulikuwa mbaya, lakini kilichoniuma zaidi siku zote ni kwamba walipewa habari kama anavyopewa mtoto.

Wakatafuta njia. Tanganyika haikuwa koloni kamili, Uingereza iliishika kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo mwananchi alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yake kule juu. Moshi kulikuwa na wakili mmoja mweusi, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, naye akakubali kuwasaidia. Michango ikaanza. Kila boma lilitoa. Wengine walitoa shilingi, wengine walipeleka mbuzi mnadani. Mama yake bibi aliuza mtamba aliyebaki, na bibi yako alimkumbuka mtamba yule kuliko alivyoikumbuka nyumba. Mwaka 1952 Seaton alitangulia New York mbele ya Baraza la Udhamini. Baadaye mwaka huohuo akafuata Kirilo Japhet, Mmeru wetu, akasimama mbele ya kamati ya Baraza Kuu na kusema yaliyowapata watu wa Ngarenanyuki. Kabla yake hakuna Mtanganyika mweusi aliyewahi kusimama pale.

Walishindwa. Azimio la kutaka watu warudishwe lilifika Baraza Kuu Desemba 1952 na halikupata theluthi mbili za kura. Nakuambia hivi wazi kwa sababu siku hizi watu wakisimulia wanalipamba, wanasema Kirilo alishinda kesi. Hakushinda. Watu walibaki kwa ndugu, na wazungu wakaingia kwenye mashamba.

Lakini wale waliochangia mbuzi na shilingi hawakurudi kukaa kama zamani. Walikuwa wameshazoea kukutana koo zote chini ya mti wa mringaringa, kuhesabu hela mbele ya watu, na kudai majibu. Wakadai pia mangi, yaani mtawala wa kabila, wanayemtaka wao, na katiba ya kuendesha mambo yao, na washili, viongozi wa koo, wakawa na sauti ndani yake. Kirilo aliporudi alizunguka nje ya Meru kusimulia. Watu wa makabila mengine wakasikia kwamba mkulima wa kawaida anaweza kwenda kuishtaki serikali mbele ya dunia. TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Machi 1955 Nyerere naye akasimama mbele ya Baraza la Udhamini. Sisemi Meru ndiyo iliyoleta uhuru, huo utakuwa uongo na Wachagga watatucheka. Ila njia ya New York ilikuwa imeshakanyagwa.

Ardhi nayo ilirudi baadaye mikononi mwa Wameru, baada ya misukosuko mingi ambayo haina haja kuiandika yote hapa. Babu yule aliyekataa fidia alirudi Ngarenanyuki akiwa mzee. Alipogawa, alifanya jambo ambalo kwa wakati ule halikuwa la kawaida kabisa. Alimpa binti yake ekari mbili. Wajomba zangu walinung'unika. Inasemekana aliwajibu kwamba mtoto huyu alitembea kwa miguu kutoka Ngarenanyuki hadi Poli akiwa na miaka minane, na yeye pia atarudi. Hizo ndizo ekari unazoulizwa. Zimeingia kwetu kwa mkono wa mwanamke, na ndiyo maana nilikataa kaka zako wasiandike karatasi yoyote kabla jina lako halijakuwemo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakupa haki hiyo, lakini babu yule alikuwa ameshakupa kabla yake.

Najua unavyoiona ardhi yenyewe. Vumbi, upepo, na yale maji yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia kwa sababu ya madini ya floraidi. Najua vitunguu na nyanya zinamlipa anayelima kwa pampu na mtaji, na sisi hatuna. Ukisema tuuze, nitasaini pamoja nawe na sitakununia. Ila usiseme kwa ujumbe wa simu. Njoo usimame useme mwenyewe, mbele ya kaka zako na mshili wa ukoo, na wao wakuulize, nawe uwaulize.

Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, hapa nyumbani. Ukitoka Mwanza siku ya Alhamisi utapata Ijumaa nzima. Nauli nimeshaitupia kwenye simu. Mama yako ameshaweka maziwa ya mtindi kwa ajili ya loshoro, chakula chetu cha mahindi na mtindi. Ijumaa asubuhi nataka tupande gari pale Usa tupite kule mbugani, wewe upande wa dirisha kama ulivyokuwa ukipenda kuwahesabu twiga, tukashuke Ngarenanyuki. Upande wa mto kuna masale matatu ya mpaka ambayo bibi yako aliyapanda kwa mkono wake mwaka aliorudi. Majirani wananiambia bado yamesimama. Tukayaone kwanza, wewe na mimi.

Vaa viatu vya kutembelea.

Baba yako