Mhariri, rubani alilala wapi?

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka kumi na moja bila kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii umenichokoza. Ile makala yenu kuhusu ndege ya Colgan Air, iliyotoka Newark kwenda Buffalo, huko Marekani, usiku wa tarehe 12 Februari 2009, ilifika kwenye "kosa la rubani" ikaweka nukta. Chini yake mkabandika tangazo la magodoro.

Sibishi, rubani alikosea. Ndege ilikuwa inajiandaa kutua, kasi ikashuka na hakuna aliyeiona. Usukani ukatetemeka kuwaonya. Badala ya kuinamisha pua ya ndege ipate kasi, kapteni akauvuta usukani kwake. Ndege ikaangukia nyumba huko Clarence Center, karibu na Buffalo, wakafa watu 50: watu 49 waliokuwa ndani ya ndege, na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Hayo mmeyaeleza vizuri.

Usiku uliotangulia je? Rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle, akabadilisha ndege Memphis, ndipo akafika kituo chake cha kazi Newark, ng'ambo ya pili ya nchi. Kapteni alilala kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, ambacho kampuni yenyewe ilikataza watu kukigeuza malazi. Bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali za usafiri, NTSB, ilisema yaelekea uchovu uliwapunguzia uwezo, ila haikuweza kuthibitisha kwa kiasi gani. Kwa kuwa haukupimika, ninyi mkaufuta kabisa! Bunge la Marekani nalo likapitisha sheria mwaka 2010, kwamba rubani wa ndege za abiria awe na saa 1,500 za kuruka. Kapteni yule alikuwa na zaidi ya saa 3,300 na msaidizi wake zaidi ya 2,200. Sasa hizo 1,500 zingemzuia nani kati yao? Ni kweli kanuni za mapumziko nazo zilibadilishwa, zikaanza kutumika Januari 2014, lakini marubani wa mizigo wakaachwa nje, kana kwamba anayebeba maboksi hasinzii.

Nina sababu ya kukasirika. Niliwahi kupanda ndege ndogo, safari ya dakika arobaini, nikapewa kiti cha mbele kabisa, na mlango wa marubani ulikuwa bado wazi. Nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mgongo wangu umekwisha, kile kiti si cha kulala mtu." Akapiga mwayo mpaka nikaona magego. Nilipomuuliza mhudumu kama nimesikia sawasawa, akaniinamia kwa tabasamu: "Baba, funga mkanda tafadhali." Nilifunga. Tulifika salama, nikaiandikia kampuni barua ya kurasa mbili, nikajibiwa kwa kuponi ya punguzo la nauli. Nauli ya kurudi palepale!

Na hata kampuni yenyewe ilinichukua muda kuijua, maana tiketi ilikuwa na jina la kampuni kubwa, ubavuni mwa ndege jina lilelile, kumbe marubani ni wa kampuni nyingine ambayo sijapata kuisikia. Waliokwenda Buffalo nao walipanda ndege ya Colgan yenye rangi za kampuni kubwa ya Continental. Ukinunua unga, mfuko unakuambia umesagwa wapi. Ile sheria ya 2010 angalau iliwaagiza wauza tiketi waseme mapema ni nani hasa atakayekurusha. Wanasema, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Pendekezo langu ni dogo. Uwanjani mizani hulipima begi langu, na kilo moja ikizidi nalipishwa. Basi pembeni ya mizani hiyo pawekwe ubao mweusi na kipande cha chaki, na kabla ya kila safari kapteni na msaidizi wake waje wenyewe waandike mbele yetu walilala saa ngapi, na wapi: kitandani, kitini au njiani. Chaki nitanunua mimi.

Abiria wa kiti cha mbele