Mawakala waache kuwaambia watoto wetu "kozi utabadilisha ukifika"

Mhariri,

Kazi yangu mimi ni kutoa makontena bandarini, miaka na miaka, kwa hivyo kwa mambo ya karatasi na tarehe sidanganyiki upesi. Kontena likipitisha siku zake za bure unalipa storeji, hakuna cha nilikuwa sijui. Lakini kwa mwanangu mwenyewe nilipigwa chenga.

Binti yangu yuko Marekani anasoma. Wakati wa kutafuta chuo tulienda kwa wakala mmoja hapa mjini, kijana mchangamfu, suti, chai ya maziwa mezani, akatuambia mzee andikisheni kozi yoyote inayopokea haraka, viza ikitoka mambo yamekwisha, kozi atabadilisha akifika. Tukafurahi. Akaandikishwa baiolojia, mtoto ambaye tangu darasa la sita ndiye anayeshika daftari la madeni la duka la mamake!

Mwaka wa pili akahamia uhasibu. Masomo mengine ya nyuma hayakuhesabiwa, miaka minne ikawa minne na nusu, nasi huku hatuna habari, maanake viza kwenye pasipoti ilikuwa bado na mwaka mzima. Kumbe viza ni ya kuingilia mlangoni tu, kinachokuweka ndani ni fomu ya chuo, wanaiita I-20, nayo ina tarehe yake. Akanipigia saa saba usiku nikadhani kuna msiba. "Baba, tarehe ya I-20 imebaki wiki mbili."

Bahati yetu, kubadilisha kozi ni katika sababu zinazokubalika za kuongezewa muda, na ugonjwa wenye cheti cha daktari pia, bora uombe kabla tarehe haijapita, kwa yule afisa wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni. Akakimbia na barua ya mwalimu wake, akapewa. Sasa hiyo tarehe mpya nimeibandika ukutani ofisini kando ya ratiba ya meli.

Lakini kufeli si sababu, na karo kuchelewa kutoka nyumbani nayo haimo. Kuna mtoto wa jirani hapa Kisauni, karo ilikwama, akaacha masomo mawili kimyakimya akabaki na kredi sita, yaani vipimo wanavyohesabia masomo, na mwanafunzi wa digrii ya kwanza hafai kushuka chini ya kredi 12 kwa muhula bila ruhusa. Saa hii yuko nyumbani, na kiwanja cha Mtwapa kilichouzwa hakirudi.

Na hizo ni sheria za kawaida. Agosti 2025 serikali yao ilitoa pendekezo la kukaza zaidi, ati badala ya mwanafunzi kukaa mpaka amalize masomo apewe muda usiozidi miaka minne, akitaka zaidi aende kuomba uhamiaji wenyewe sio chuoni, wa digrii ya kwanza asibadilishe kozi mwaka wa kwanza, wa masters asibadilishe kabisa, na zile siku 60 za kufunga virago baada ya masomo ziwe 30. Haya, mtoto aliyeambiwa "utabadilisha ukifika" hapo anashika wapi?

Wazazi pia tuna makosa, sikatai. Twapanda SGR mpaka Nairobi kwa mahojiano, twalipa dola 350 za kumsajili mtoto kwenye mtandao wa Marekani wa wanafunzi wa kigeni, viza ikitoka twapika pilau mtaa mzima, na hakuna hata mmoja anayeuliza mtoto ataka kusoma nini hasa. Mimi sikuuliza. Lakini wakala anayelipwa kwa kazi hiyo anajua, na angalau atuambie I-20 ni nini kabla hatujatoa pesa.

Nilimpigia yule kijana wa suti kumweleza yaliyotupata. Akaniambia hayo ni ya chuo, yeye kazi yake iliisha siku viza ilipotoka.

Mzazi,
Kisauni, Mombasa